Mfereji Upo Mlangoni Petu

Hotuba kwa familia za Waswahili wanaoishi Coventry, Uingereza, na vitongoji vyake

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, ndugu zangu, vijana, asanteni kwa kuja na mvua hii.

Wengi wetu humu tunafanya kazi za zamu. Kuna wauguzi, kuna wanaolea wazee wa watu, kuna wanaopanga mizigo kwenye maghala usiku kucha. Nyumba nyingi baba anaingia mama anatoka, wanapishana mlangoni, watoto wanabaki na simu. Likizo ikipatikana, ama inaliwa na nauli ya kwenda nyumbani, ama tunajifungia ndani tukalala. Nimeombwa nizungumzie mapumziko, na pendekezo langu ni moja tu: kodini boti, mchukue siku tatu, mpite kwenye Mfereji wa Oxford.

Mfereji huo haupo mbali. Gati la Mfereji wa Coventry liko hapa mjini, mwendo wa miguu kutoka madukani, na pale pamesimama sanamu ya James Brindley, fundi aliyeichora njia ya maji hayo. Ukiufuata mfereji kutoka gatini kuelekea kaskazini unafika Hawkesbury, na hapo ndipo unapoanzia Mfereji wa Oxford, unaoshuka kusini karibu kilomita 125 hadi mji wa Oxford wenyewe. Tunaishi kando ya maji haya mwaka baada ya mwaka, na wengi wetu tumeyaona kutokea dirisha la basi tu. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Nianze na Brindley, maana bila yeye hamtaelewa kwa nini mfereji huu unapinda hivi ulivyopinda. Alizaliwa mwaka 1716, akajifunza ufundi wa vinu vya kusaga, na kuandika kulimpa taabu maisha yake yote. Mwaka 1761 ulifunguliwa mfereji alioujenga kwa ajili ya Duke wa Bridgewater, mwinyi mwenye cheo kikubwa, wa kutoa makaa ya mawe kwenye machimbo ya Worsley na kuyafikisha Manchester. Bei ya makaa pale mjini ikaanguka karibu nusu. Baada ya hapo kila mji ulitaka mfereji wake. Farasi mmoja anayevuta boti majini hubeba mzigo ambao barabarani ungetaka farasi wengi, na barabara za wakati ule zilikuwa tope tupu.

Brindley alikuwa na kanuni yake: usipigane na ardhi. Pakiwa na kilima, alikizunguka, akafuata kimo kilekile cha ardhi hata kama njia ilirefuka maradufu. Mfereji wa Oxford ulipata idhini ya Bunge mwaka 1769. Yeye alifariki mwaka 1772, kazi ikashikwa na Samuel Simcock, ikafika Banbury mwaka 1778, ikakwama kwa kukosa fedha, na boti za kwanza zikaingia Oxford siku ya kwanza ya mwaka 1790. Miaka zaidi ya ishirini ya majembe na mikokoteni ya mkono. Chini na kandoni walitandaza udongo wa mfinyanzi uliolowekwa na kukanyagwakanyagwa hadi ukashikamana, ili maji yasinywewe na ardhi, na tabaka hilo lingali linazuia maji mpaka leo sehemu nyingi.

Upande wa kaskazini, karibu na Rugby, mikunjo mingi ilinyooshwa miaka ya 1830, boti zipate kwenda haraka. Upande wa kusini haukuguswa. Kwa hiyo nashauri mwanzie Napton, kijiji kilicho chini ya kilima chenye kinu cha upepo juu yake, na mwende kusini hadi Fenny Compton, kisha mgeuze. Ni safari inayotosha kuanzia Ijumaa alasiri hadi Jumatatu asubuhi bila kumkimbiza mtu.

Sasa niwaeleze chombo chenyewe. Boti hizi ni ndefu na nyembamba kupita kiasi: upana wake ni mita mbili na sentimita chache, urefu unaweza kufika mita ishirini na moja. Wembamba huo umetokana na malango ya maji, ambayo upana wake ni kama mita mbili na sentimita kumi na tatu. Ndani kuna vitanda, jiko la gesi, friji, bafu, choo na joto la kutosha. Kodi ni ya boti nzima, hesabu ya vichwa haiongezi bei, kwa hiyo familia mbili zikishirikiana mzigo unakuwa mwepesi. Ukikodi huhitaji leseni. Mhudumu atakaa nanyi, atawafundisha, atatoka nanyi kidogo mpaka aone mkono umetulia.

Waliokulia Lamu, Pemba, Kilwa, au kando ya Ziwa Tanganyika, vyombo mnavijua kuliko mimi. Hata hivyo huku mna jambo la kuzoea. Nahodha anasimama tezi, yaani nyuma ya chombo, ameshika kana, mkono wa usukani, na omo, pua ya chombo, iko mbali mbele yake. Ukisukuma kana kushoto, omo inakwenda kulia. Chombo hakigeuki kama gari. Kinazunguka katikati yake, kwa hiyo ukiitazama omo peke yake, tezi itagonga ukingo. Breki hakuna, unarudisha injini nyuma na kungoja. Na barabarani Uingereza tunaendesha kushoto, lakini majini mkikutana na boti nyingine kila mmoja anashika kulia kwake. Nawaomba mlikariri hilo kabla ya kuondoka.

Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili nne kwa saa, yaani kilomita sita na nusu hivi, na kwa kweli mtakwenda chini ya hapo. Ukiona wimbi linavunjika ukingoni nyuma yako, umezidisha, unabomoa mfereji. Ukipita boti zilizofungwa kando, punguza zaidi, kwa sababu ndani kuna mtu anamimina chai.

Nataka nikae kidogo kwenye malango, maana hapo ndipo safari ilipo. Wenyewe wanayaita loki. Ni chumba cha matofali chenye lango mbele na lango nyuma, na kazi yake ni kupandisha au kushusha boti pale ardhi inapobadilika kimo. Mkipanda, mnaingiza boti chumba kikiwa kitupu, mnafunga lango la nyuma, kisha mtu anakwenda lango la mbele na mpini wa chuma uliopinda, anazungusha meno ya gia, kizibo kilichoko chini kinainuka. Maji yanaingia. Boti yenye uzito wa tani nyingi inapanda taratibu, mita mbili hivi, mpaka maji ya ndani yanalingana na ya nje, na lango ambalo dakika moja kabla lisingesogezwa na wanaume kumi linafunguka kwa mgongo wa mtu mmoja aliyeegemea boriti. Hakuna umeme, hakuna pampu. Uzito wa maji na akili ya watu wa karne ya 18.

Napton wanahesabu loki tisa mpaka Marston Doles. Tisa, na kila moja inataka mikono. Kijana wa miaka kumi na minne ambaye nyumbani hatoi neno zaidi ya "sawa" atashika mpini ule na kuwaita wenzake. Babu atashika kana kwa sababu ndiye mwenye subira. Mama atatangulia kwa miguu kulitengeneza lango linalofuata. Nimeona familia iliyopanda botini Ijumaa kila mtu na simu yake, ikafika loki ya sita inazungumza. Hakuna aliyewahubiria. Kazi ile haiendi bila kuambiana, na hakuna njia ya kuiharakisha. Wahenga wamesema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na kwenye chombo cha upana wa mita mbili, ngama, yaani tumbo la chombo, ni moja na mtarudi humo wote.

Usalama sitaupita juujuu, kwa kuwa mtaleta watoto. Kwenye loki, mkishuka, nyuma yenu chini ya lango la juu kuna kizingiti cha zege au mawe kilichotokeza ndani. Maji yakishuka na tezi imekikalia, boti itaning'inia na kuzama. Mstari mweupe umechorwa ukutani kuonyesha mwisho wake. Boti ikae mbele ya mstari huo wakati wote, na mtu mmoja asifanye kazi nyingine ila kuutazama. Msiruke kutoka lango hadi lango. Watoto wavae jaketi okozi kila wakati wakiwa nje. Mtu akianguka mferejini, kwanza injini iondolewe kwenye gia, kwa sababu ya panga linalozunguka chini kusukuma boti, kisha mwambieni asimame: sehemu nyingi maji hayazidi kiunoni au kifuani. Ndani ya loki ni kina kirefu, hapo fungeni vizibo kwanza.

Baada ya Marston Doles loki zinakwisha na mnaingia kwenye mgongo wa safari: kilomita kumi na saba na kitu za maji ya kimo kimoja, bila lango hata moja, hadi Claydon. Ndege angemaliza masafa hayo kwa karibu nusu yake. Mfereji unakunjika, unajirudia, unazunguka kilima cha Wormleighton pande tatu, na jengo uliloliacha kulia baada ya nusu saa linakutokea kushoto. Wenye mashirika ya usafirishaji lazima waliuchukia mkunjo huo. Mimi naona ndio sehemu nzuri kuliko zote katika mfereji wote, na ningewashauri muifike Jumamosi asubuhi mkiwa mmelala vizuri.

Itazameni ardhi ya pale. Mashamba ya malisho yana mawimbi, matuta marefu sambamba yaliyofunikwa majani. Hayo ni matuta ya wakulima wa zama za kati, waliolima na kulima mahali palepale kwa jembe la ng'ombe mpaka ardhi ikashika umbo hilo. Karibu na mfereji, chini ya Wormleighton ya leo, kuna vilima vidogo na mashimo: ni kijiji cha zamani. Mwishoni mwa karne ya 15 mwenye ardhi aliwaondoa watu kwa sababu sufu ya kondoo ililipa kuliko wakulima. Nyumba zikaanguka, kondoo wakabaki, nao wapo mpaka sasa. Sisi tuliotoka kwenye nchi zenye habari za watu kuhamishwa ardhi zao tunajua kuusoma uwanja kama ule. Mnaweza kufunga boti, mkatembea na watoto, mkawaonyesha mahali palipokuwa njia ya kijiji.

Na kuna jingine ambalo sitaki tulinyamazie. Mifereji hii ilijengwa wakati Waingereza walikuwa wanasafirisha Waafrika kuvuka Atlantiki. Pamba iliyopanda boti kwenda viwanda vya Manchester ililimwa na watumwa huko Marekani, na sukari ya Karibi ilipita maji hayahaya. Lakini wakati huohuo Josiah Wedgwood, mfinyanzi aliyekuwa mweka hazina wa kampuni ya Mfereji wa Trent na Mersey, ndiye aliyetoa mwaka 1787 nishani ya udongo yenye picha ya Mwafrika mwenye minyororo, ikiuliza kama yeye si binadamu na ndugu. Watu waliivaa kupinga utumwa. Nasema hivi ili kijana wetu akikaa ukingoni asidhani anatazama historia ya watu wengine. Jasho la watu wetu limo.

Limo pia jasho la familia za boti. Baba, mama na watoto waliishi kwenye chumba cha nyuma cha urefu wa mita tatu, mbele yao tani ishirini za makaa. Watoto walilelewa safarini na wengi hawakupata shule. Joe na Rose Skinner wa Hawkesbury, hapa jirani, walikuwa miongoni mwa wa mwisho kumiliki boti yao wenyewe, Friendship, iliyovutwa na nyumbu kwenye Mfereji huu wa Oxford hadi miaka ya 1950. Boti hiyo ipo, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya njia za maji huko Ellesmere Port. Baridi kali ya 1962 hadi 1963 iligandisha mifereji kwa wiki nyingi, na biashara nyingi zilizokuwa zimebaki hazikurudi.

Ingekuwa hapo mwisho, leo tungekuwa tunazungumzia mitaro iliyofukiwa. Waliookoa mifereji hii ni raia. Mwaka 1946 iliundwa jumuiya ya kuitetea, Tom Rolt na Robert Aickman wakiwa mbele. Watu wakaingia matopeni mwisho wa wiki na makoleo yao. Sheria ya Uchukuzi ya 1968, iliyoandaliwa chini ya waziri Barbara Castle, ikaitambua mifereji kuwa mahali pa mapumziko ya umma. Tangu 2012 mifereji mingi ya Uingereza na Wales, zaidi ya kilomita 3,000, iko chini ya shirika la hisani, Canal & River Trust, na pale Napton mara nyingi mtakuta watu wa kujitolea wanaosaidia wageni malangoni. Kijana anayetaka kujitolea, nafasi zipo. Ningefurahi siku moja kumkuta mtu wa humu ndani amesimama pale na mpini wake.

Turudi botini. Jioni mkichoka, mnaweza kufunga boti karibu popote upande wa njia ya zamani ya farasi, isipokuwa palipo na kibao cha kukataza. Mnagonga vigingi viwili ardhini kwa nyundo, kamba moja omo, nyingine tezi. Injini hairuhusiwi kuunguruma kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, mkiwa karibu na wengine, na hapo ndipo wafanyakazi wa zamu za usiku watajua usingizi ulivyo. Asubuhi fungueni dirisha. Korongo husimama ukingoni bila kutikisika, na mkijaliwa mtamwona mdiria, buluu inayopita juu ya maji na kutoweka.

Chakula pikeni wenyewe. Jiko ni dogo, lakini linaivisha pilau, na chapati zinakubali. Nyama na viungo nunueni Coventry kabla ya kuondoka, vijijini hamtavipata. Baa za ukingoni zipo, nyingi zina bustani na chakula cha watoto. Anayependa aingie, asiyependa hana haja nazo, mkate na maziwa mnapata kwenye duka la kijiji. Wanaoswali wafahamu kwamba mfereji unapinda mno, kibla kilichokuwa mbele asubuhi kinaweza kuwa ubavuni mchana. Chukueni dira ndogo, mtafute kusini-mashariki kila mnapofunga boti. Njia ya farasi ni safi na kimya, na hakuna aliyewahi kunisumbua nikiswali pale.

Kiangazi kikiwa kikavu, maji ya mgongo ule hupungua. Yanatoka kwenye mabwawa ya Boddington, Clattercote na Wormleighton, na kila boti inayopita loki inateremsha zaidi ya lita laki moja. Kwa hiyo saa za kufungua loki za Napton huwekewa mipaka, na mwaka mbaya hufungwa kabisa. Ulizeni kabla ya kulipa. Mei na Septemba ndiyo miezi ninayoipenda: bei iko chini kuliko wakati wa likizo za shule, maji yapo Mei bila wasiwasi, na loki hazina foleni. Mwenye watoto wa shule atumie mwisho wa wiki wenye Jumatatu ya mapumziko, lakini aweke nafasi mapema sana.

Nimeongea na mama zetu kadhaa, na wazo lililopo ni boti mbili zifuatane Mei ijayo, moja ya familia, moja ya akina mama peke yao ambao wameniambia hawataki kupikia mtu yeyote siku tatu. Nimewakubalia. Karatasi ya majina iko meza ya nyuma, karibu na chai. Andikeni jina, idadi ya watu na zamu zenu za Ijumaa na Jumatatu. Wenye watoto wa chini ya miaka mitano waandike uzito wa mtoto pia, kwa kuwa jaketi okozi huchaguliwa kwa uzito na lazima tuwaambie wenye boti mapema.